Kidogo Ni Kiasi Gani?

Mada kuhusu dozi ndogondogo za uyoga wa maruweruwe kwa watu wenye sonona na wasiwasi, iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa dawa na watoa huduma wa famasi

 

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo miaka michache iliyopita lisingeingia katika ratiba ya mkutano wa namna hii. Naomba nianze na simu.

Katika zamu yangu ya kupokea maswali ya wananchi, mama mmoja alipiga kuuliza kuhusu chokoleti. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameletewa pakiti na rafiki aliyerejea kutoka ng'ambo. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya uyoga, na maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kuwa kila kipande ni dozi ndogo kwa ajili ya utulivu wa akili. Kwa miezi saba binti huyo alikuwa akitumia fluoksetini kwa cheti cha daktari, kwa sababu ya sonona. Tangu apate chokoleti, kapsuli zake zilikuwa zimebaki kwenye droo.

“Mwanangu,” mama aliniambia, “yeye anasema ni kidogo tu. Kidogo kina ubaya gani?”

Jibu la kisheria lilikuwa tayari mdomoni mwangu, nikalitoa, nalo lilikuwa sahihi. Baada ya kuweka simu chini ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimejibu alichouliza. Sisi tunaofanya kazi katika taasisi za udhibiti tuna tabia hiyo: tukishasema kitu ni marufuku, tunaona tumemaliza. Mama yule hakuuliza kama ni marufuku. Aliuliza kuhusu neno moja, “kidogo”, na mada yangu ya leo ni jibu nililopaswa kumpa.

Ninaposema uyoga wa maruweruwe nina maana ya aina za uyoga zenye kemikali iitwayo silosaibini. Aina hizo ni nyingi. Inayokuzwa zaidi majumbani huko Ulaya na Amerika ni Psilocybe cubensis. Mtu akiila, mwili huigeuza silosaibini kuwa silosini, na silosini ndiyo inayofika kwenye ubongo na kushika vipokezi vya serotonini, kemikali ile ile ambayo dawa nyingi za sonona huigusa kwa njia nyingine. Kwa dozi kamili mtu huweza kuona na kusikia visivyokuwapo, hupoteza hesabu ya muda, na hisia zake hupanda na kushuka kwa saa kadhaa. Dozi ndogo, kwa maelezo ya wanaoitetea, ni takriban sehemu moja ya kumi ya hiyo. Ni kiasi ambacho mtu hatakiwi kuona lolote la ajabu. Anakwenda kazini, anapika, analea watoto, huku akitumaini kuwa wiki zikipita, huzuni na hofu vitapungua.

Wauzaji hupenda kuandika kwamba hii ni tiba ya kale. Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Ni kweli kwamba Wamazateki wa jimbo la Oaxaca, nchini Mexico, wametumia uyoga huu katika ibada za uponyaji tangu zamani. Mwaka 1955 mfanyakazi wa benki kutoka Marekani, R. Gordon Wasson, alihudhuria ibada iliyoongozwa na mganga María Sabina katika mji wa Huautla de Jiménez, na mwaka 1957 akaandika habari zake katika jarida la Life. Mwaka uliofuata, mwanakemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, mjini Basel, Uswisi, aliitenga silosaibini na kuipa jina. Lakini ibada ya María Sabina ilifanyika usiku, kwa sala na nyimbo, kwa ajili ya mgonjwa aliyejulikana, na mganga alikuwapo mwanzo hadi mwisho. Ratiba ya kula kidogo siku moja, kupumzika siku mbili, kisha kurudia, haikutoka kwake. Ilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Fadiman, katika kitabu chake cha mwaka 2011. Chokoleti iliyoandikwa “tiba ya kale” inaazima heshima ya mganga wa Mexico na kuibandika kwenye ratiba ya juzi.

Sisemi haya kwa kudharau mapokeo ya mtu. Nasi tunao waganga wetu, na kila aliyekulia kijijini anajua kuwa mganga anayeheshimika humpimia mgonjwa dawa kwa mkono wake na kumtazama akiinywa. Pakiti iliyosafirishwa kwenye begi la rafiki haikai na mgonjwa usiku.

Sasa turudi kwenye “kidogo”. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni kati ya gramu 0.1 na 0.3 za uyoga mkavu. Mizani nyingi za jikoni huanza kusoma kwenye gramu moja. Kwa mizani hiyo, dozi yote haionekani. Hata mtu akiwa na mizani ya sonara, bado hajapima dawa. Amepima uyoga. Silosaibini katika Psilocybe cubensis mkavu hutajwa kuwa karibu asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito, na hubadilika kulingana na aina, namna ulivyokuzwa, ulivyokaushwa na muda uliohifadhiwa. Uyoga miwili kutoka kitalu kimoja inaweza isilingane. Kwa hiyo gramu 0.2 za leo zinaweza kuwa na miligramu 1, na gramu 0.2 za keshokutwa zikawa na miligramu 2. Dawa iliyozidi maradufu ilhali mizani inasoma vilevile, hiyo hatuwezi kuiita dozi.

Linganisheni na kapsuli ya fluoksetini ya miligramu 20 iliyobaki kwenye droo ya yule binti. Kapsuli ile nayo haina muujiza. Ina madhara yake, na si kila mgonjwa humfaa. Lakini mwenye kiwanda amelazimika kuonyesha kwamba ya kwanza na ya elfu kumi zina kiasi kile kile, kwamba kiasi hicho hakipungui kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwamba likitokea tatizo, namba ya toleo itatuwezesha kuliondoa sokoni toleo zima. Kazi yetu haina mvuto wa kusimuliwa kwenye karamu, lakini kwa kiasi kikubwa ni hiyo: kuhakikisha kwamba neno lililoandikwa kwenye pakiti na kitu kilichomo ndani ni kimoja.

Kuna watakaosema: sawa, kipimo kina shida, lakini watu wanapona. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa sababu wanaoitoa wengi si wauzaji. Ni watu walioteseka, wakajaribu, wakajisikia nafuu. Nafuu yao ni ya kweli. Swali ni kama imeletwa na uyoga.

Mwaka 2021 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya utafiti uliotumia mbinu ya kijanja. Waliwatafuta watu waliokuwa tayari wamepanga kutumia dozi ndogo za vitu vya jamii hii majumbani kwao, wakawafundisha kujitengenezea kapsuli zisizoonyesha kilichomo: nyingine zenye dozi, nyingine tupu. Kapsuli ziliwekwa kwenye bahasha zenye alama za kusomwa na kompyuta, zikachanganywa, hata mtumiaji mwenyewe asijue anameza nini. Watu 191 walimaliza. Waliomeza dozi walipata nafuu baada ya wiki nne: hali ya moyo ilikuwa bora. Waliomeza kapsuli tupu nao walipata nafuu, na tofauti kati ya makundi hayo haikuwa ya kutegemewa. Tofauti ndogo zilizoonekana siku ya kumeza zilielezeka kwa jambo moja: mtu alidhani amemeza nini. Aliyeamini kuwa amepata dozi alijisikia vizuri, hata kama kapsuli ilikuwa tupu.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Buenos Aires, Argentina, walichapisha matokeo ya watu 34 waliopewa gramu 0.5 za uyoga mkavu katika wiki moja, na kitu kisicho na dawa katika wiki nyingine, mtoaji na mpokeaji wote wakiwa hawajui. Waliobahatisha kutambua wiki ya uyoga ndio waliosema wanahisi mabadiliko. Ustawi wa moyo, ubunifu na uwezo wa kufikiri havikuongezeka.

Mtu asije akaondoka hapa akisema kuwa nimewaita waliopata nafuu waongo. Matumaini, ratiba, kuandika hali yako kila siku, kuamua kwamba maisha yako yanastahili kushughulikiwa: haya yote huinua moyo, na madaktari wa akili wanayatumia kila siku. Ninachosema ni kwamba mtu asilipie kwa fedha, kwa afya na pengine kwa uhuru wake kitu ambacho kapsuli tupu ilikitoa kwa kiwango kile kile.

Hapa kuna mchanganyo mmoja ambao lazima niufumbue, kwa sababu ndio unaouza pakiti nyingi. Mtu anasoma habari kwamba silosaibini imeonyesha matumaini kwa wagonjwa wa sonona sugu, kisha anaagiza chokoleti. Habari aliyoisoma huenda ni ya kweli, ila inahusu kitu kingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la New England ulikuwa na wagonjwa 233 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kila mmoja akapewa dozi moja tu ya silosaibini iliyotengenezwa maabara: miligramu 25, au 10, au 1. Walimeza chini ya uangalizi wa wataalamu, na walipata ushauri wa kisaikolojia kabla na baada. Baada ya wiki tatu, kwenye kipimo cha ukali wa sonona, waliopata miligramu 25 walishuka kwa wastani wa alama 12.0, na waliopata miligramu 1 walishuka kwa 5.4. Tofauti hiyo ilikuwa ya kweli. Ya miligramu 10 haikutosha kuhesabiwa.

Tazameni ile miligramu 1. Watafiti waliiweka hapo kama kipimo cha kulinganishia, dozi wasiyoitarajia kufanya kazi ya maana. Sasa kumbukeni hesabu tuliyofanya hivi punde: gramu 0.2 za uyoga mkavu zina miligramu 1 hadi 2. Katika utafiti ambao wauzaji hupenda kuutaja, kiasi kinachokaribiana na wanachokiuza ndicho kilichokaa kwenye nafasi ya “karibu na bure”. Ni haki niongeze kwamba wagonjwa hao walipewa mara moja, si kila baada ya siku tatu kwa miezi, kwa hiyo utafiti huo haukujibu swali la dozi ndogo za kurudiarudia. Lakini mtu hawezi kuutumia kama ushahidi wake.

Na hata dozi kubwa haikuwa mchezo. Zaidi ya robo tatu ya washiriki walipata madhara, mengi yakiwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu. Na katika makundi yote matatu walikuwapo waliopatwa na mawazo ya kujiua au vitendo vya kujidhuru. Ndiyo maana nchi zilizofungua mlango zimeufungua kwa mlinzi. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2023, inamruhusu daktari bingwa wa akili mwenye kibali maalumu kuiagiza kwa sonona isiyosikia dawa nyingine. Katika jimbo la Oregon, Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 2020, na vituo vilivyofunguliwa mwaka 2023 humhudumia mtu mle mle kituoni, msimamizi akiwapo. Haondoki na mzigo wake mfukoni.

Niliahidi kuzungumzia chokoleti.

Mwezi Juni mwaka 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za chapa ya Diamond Shruumz: chokoleti, koni na peremende laini zilizouzwa madukani na mtandaoni, nyingine zikiwa zimeandikwa waziwazi kuwa ni za dozi ndogo. Watu walikuwa wakifikishwa hospitali wakiwa na degedege, wamepoteza fahamu, wamechanganyikiwa, mapigo ya moyo yakienda ovyo, wengine wakitapika bila kukoma. Mwishoni mwa mwezi huo mtengenezaji alizirudisha bidhaa zote kutoka sokoni. Kufikia mwisho wa Oktoba, waliougua walikuwa 180 katika majimbo 34. Watu 73 walilazwa, na vifo 3 vilikuwa vinahisiwa kuhusiana na bidhaa hizo.

Maabara zilipofungua pakiti zilikuta mchanganyiko. Palikuwa na muskimoli, ambayo hutoka katika uyoga wa jamii tofauti kabisa, Amanita muscaria, na hufanya kazi tofauti mwilini. Palikuwa na kemikali ya viwandani inayofanana na silosini. Palikuwa na viambato vya mmea wa kava. Katika baadhi ya sampuli palikuwa na pregabalini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva ambayo kwa kawaida hutolewa kwa cheti. Na vilivyokutwa havikuwa sawa katika kila bidhaa.

Mtumiaji wa Marekani ana maabara na mamlaka zenye uwezo mkubwa, na bado wagonjwa ndio walioanza kugundua, maabara zikafuata. Jiulizeni pakiti ya namna hiyo ikifika Mwanza au Mbeya bila namba ya toleo, nani ataifuatilia? Daktari wa zamu akimpokea kijana mwenye degedege usiku, atajua aulize kuhusu chokoleti?

Kuhusu wanaofikiria kwenda kuchuma wenyewe, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi hapa mmekulia kwenye uyoga wa masika na mnajua kuwa hauchezewi. Uko uyoga mdogo wa kahawia, Galerina marginata, ambao umeshachanganywa na ule wa maruweruwe, nao hubeba sumu ile ile ya ini inayopatikana katika Amanita phalloides. Ubaya wa sumu hiyo ni ukimya wake. Mtu hula, saa sita au kumi na mbili zinapita bila dalili, ndipo kutapika na kuharisha kunaanza. Kisha huonekana kama anapata nafuu, wakati ini linaendelea kufa. Anayehisi amekula uyoga usiojulikana aende hospitali siku hiyo hiyo, na achukue kipande kilichobaki.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonisumbua kuliko zote, nayo ni ile droo.

Mtumiaji wa dozi ndogo kwa kawaida hupata ushauri wa aina mbili kutoka kwa wauzaji. Wa kwanza ni kwamba aache dawa zake za sonona kwa sababu zitaufunika uyoga. Ni kweli kwamba dawa za kundi la fluoksetini zinaweza kudhoofisha nguvu ya silosaibini. Lakini kuziacha ghafla kunaweza kumletea mtu kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira, hisia kama za shoti ya umeme kichwani, na baada ya hapo sonona yenyewe kurudi ikiwa na nguvu zaidi. Mgonjwa akifika hapo huamini kwamba anahitaji uyoga zaidi. Ushauri wa pili ni kwamba kitu cha asili hakigombani na dawa nyingine. Huo si kweli. Kwa watu wanaotumia lithiamu, taarifa za degedege baada ya kutumia vitu vya jamii hii zimejitokeza mara nyingi kiasi cha kutosha kulifanya liwe onyo la wazi: visichanganywe. Mwenye tramado mwilini naye anabeba dawa ambayo peke yake tu inaweza kuleta degedege.

Wapo pia ambao hawapaswi kabisa kuigusa silosaibini: aliyewahi kupatwa na ugonjwa wa akili unaomtenga na uhalisia, au mwenye ndugu wa damu mwenye skizofrenia, au mwenye ugonjwa unaomrusha kutoka furaha iliyopitiliza hadi huzuni nzito. Hawa huondolewa katika tafiti kabla hazijaanza. Pakiti ya chokoleti haimuulizi mtu historia ya ukoo wake.

Yapo pia maswali kuhusu moyo. Silosini hushika, pamoja na vipokezi vya ubongo, kipokezi cha serotonini kilichopo kwenye vali za moyo. Dawa ya kupunguza mwili iitwayo fenfluramini iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1997 baada ya kuharibu vali za watumiaji, na njia yake ilikuwa kipokezi hicho. Kwa dozi ndogo za uyoga madhara hayo hayajathibitishwa. Lakini fenfluramini haikuwadhuru watu kwa siku moja. Iliwadhuru kwa kurudiwa mwezi baada ya mwezi. Na kurudia ndiyo sifa kuu ya dozi ndogo.

Kisheria, niseme kwa ufupi kwa sababu hili mnalifahamu. Silosaibini na silosini zimo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu vitu vinavyoathiri akili wa mwaka 1971, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Hapa nchini eneo hilo linaongozwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kwamba kitu kinauzwa dirishani katika mji fulani wa ng'ambo hakumkingi mtu anayekipitisha uwanja wa ndege wa kwetu, hata kama amekiweka katikati ya zawadi za watoto.

Yule mama alipiga tena baada ya siku mbili. Safari hii sikuanza na sheria. Nilimwuliza kama anajua kwa nini binti aliacha kapsuli. Alikuwa amemuuliza. Sababu ya kwanza ilikuwa usingizi: tangu aanze dawa alikuwa akilala saa tatu tu kwa usiku, akaona aibu kurudi kulalamika. Ya pili naomba tuisikilize vizuri sisi tuliomo humu. Alipokwenda kuchukua dawa ya mwezi wa tatu katika famasi moja, ambayo sitaitaja, mhudumu aliinua cheti na kumwuliza mwenzake kwa sauti kama “hii ya wagonjwa wa akili” bado ipo. Kulikuwa na foleni. Wanafunzi wenzake wawili walikuwamo.

Chokoleti haikumsemesha. Ilikuwa na rangi nzuri, na ilimwita “mtu anayejitunza”.

Nilimweleza mama kwamba kukosa usingizi ni dhara linalojulikana la fluoksetini. Mara nyingi daktari humshauri mgonjwa kuimeza asubuhi, au hubadilisha dawa, kwa kuwa si hiyo peke yake iliyopo. Amitriptilini nayo imo katika orodha ya dawa muhimu, na humfanya mtu asinzie, ingawa ina tahadhari zake. Nilimwambia binti asizianze tena kapsuli kwa kubahatisha wala asiongeze ili kufidia wiki zilizopotea, bali arudi kwa aliyemwandikia cheti, aseme wazi kuhusu chokoleti, na aende nayo. Asiogope kusema. Daktari hawezi kumkinga na mchanganyiko asioujua. Na nilimwuliza jambo ambalo nawaomba msione haya kuuliza: je, binti amewahi kusema kwamba anatamani asiwepo? Anayesema hivyo asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za mikoa, na kwa wanaohitaji zaidi ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Jina hilo limetumika kwa utani kwa muda mrefu mno, na najua utani huo umewazuia wengi kupanda basi.

Pakiti ilifika mikononi mwetu baadaye, ikiwa na vipande viwili. Haikuwa na namba ya toleo, wala anwani ya mtengenezaji, wala orodha ya viambato iliyotaja kemikali hata moja kwa jina. Ilikuwa na neno “mchanganyiko”, na namna ya kuvunja vipande. Kwa yeyote atakayekutana na bidhaa ya namna hiyo, ombi langu ni dogo: usiitupe, usiionje, piga picha pande zote za pakiti, andika ulikoipata na tarehe, kisha iwasilishe katika ofisi ya kanda ya Mamlaka. Ukiwa umeshaitumia na unajisikia vibaya, tangulia hospitali. Fomu ya taarifa za madhara ya dawa inaweza kujazwa na mhudumu wa afya au na wewe mwenyewe, na hatuijazi ili kumkamata mgonjwa.

Binti alibadilishiwa dawa. Mama anasema sasa analala.

 Niko tayari kwa maswali, na, Ndugu Mwenyekiti, kama utaniruhusu, ningependa tuanze na wenzetu wanaofanya kazi madirishani.